Mgahawa Niliodhani ni wa Wafiwa

Nikishuka Dar es Salaam kununua nyaya na swichi, sili chakula cha kusimama kando ya barabara kama mafundi wengine. Naingia mgahawa wa Kijapani. Silisemi hili kwa aibu. Nina diploma ya umeme niliyoipata kwa jasho langu, nikibeba zege asubuhi na kuingia darasani mchana, na leo nyumba nyingi zinazowaka taa kwetu milimani, kuanzia Bashay hadi Masakta, nyaya zake zimepita mikononi mwangu. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikiendesha gari langu, na mji haukunishinda. Kwa hiyo nikitaka kula kwa vijiti nakula kwa vijiti, na navishika vizuri kuliko wahandisi wengi wenye suti.

Lakini siendi kwa ajili ya chakula. Naenda kwa ajili ya mlango. Ukisogeza lile pazia fupi na kuingiza kichwa, kuna harufu inayokupokea kabla ya mtu yeyote: samaki mkavu aliyechemshwa taratibu, mchuzi wa soya ulioungua kidogo kwenye chuma, mvuke wa wali. Nasimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau kitu kwenye gari. Kwa pumzi moja nina miaka minane, miguu yangu haifiki chini, na sijui kama mama yangu yuko hai.

Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Nyinyi wa rika langu mtakumbuka, milimani kwetu wanawake wengi walikuwa nao, na sisi watoto tulidhani ni sehemu ya kuwa mama. Nilifikiri msichana akishazaa huota na uvimbe huo. Wa mama yangu ulikua hadi akawa anakoroma akiwa macho, na akipandisha kilima na ndoo kichwani ilimbidi asimame mara tatu. Daktari akasema apelekwe Dar es Salaam. Baba akabaki na ng'ombe na vitunguu. Mimi, kitinda mimba, nikachukuliwa, kwa sababu mama alisema akiniacha nitakonda.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimsikia baba akimweleza jirani juu ya ua: "Watampasua shingo."

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nilikuwa nimeona shingo nyingi zikiguswa na kisu, za mbuzi, za kondoo, za fahali wa Krismasi. Sikuwa nimeona hata moja ambayo mwenye nayo alisimama tena. Sikumuuliza mtu. Katika nyumba yetu mtoto hakuuliza juu ya maneno aliyoyasikia kwa kunyemelea.

Dar es Salaam tulifikia kwa mama mdogo Paskalina, mdogo wake mama, ambaye alikuwa akifanya kazi ya jikoni katika mgahawa mdogo wa Mjapani mmoja mzee. Wafanyakazi walimwita Mzee Hiro. Mama mdogo aliosha mchele, akakata mboga nyembamba kama nyuzi, na jioni alirudi na ile harufu kwenye kanga yake. Mama alilazwa siku ya pili tu baada ya kufika. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Siku sita sikumwona mama, na kila jioni nilimuuliza mama mdogo swali lilelile, naye akanijibu vilevile: "Anakusalimia."

Sasa, ili unielewe, lazima nikueleze jambo moja la kwetu.

Nyumbani tulikula chombo kimoja. Ugali ukigeuzwa katikati, maziwa pembeni, watoto saba tunazunguka, na mkono wako ukichelewa ni shauri yako. Sahani ya mtu peke yake haikuwapo. Niliiona mara moja tu, kwa jirani yetu Mama Agata, mwaka ambao mtoto wake mchanga alifariki. Akawa kwenye metimani, yaani kutengwa kwa mwenye msiba. Hakuingia nyumba ya mtu, hakuomba moto, hakuchangia chombo. Alikula kwenye bakuli lake mwenyewe, amekaa peke yake, ameelekea ukuta. Mimi nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa na kiu, nikanyoosha mkono kwenye kibuyu chake cha maziwa. Bibi yangu alitokea sijui wapi, akanipiga kofi la mkononi ambalo nalisikia hadi leo.

"Ukila chombo kimoja na mwenye msiba, msiba unahamia kwako," alisema. "Unataka kumletea mama yako?"

Padri alikuwa akihubiri kwamba mambo hayo ni ya kizamani. Bibi alimsikiliza kwa heshima kila Jumapili, akarudi nyumbani na kusema kwamba Padri ni mtu mzuri sana ila hana watoto wa kupoteza.

Siku ya upasuaji mama mdogo aliniamsha, akanivalisha shati langu la kanisani, akanipeleka mgahawani kwake. Shati la kanisani siku ya kazi. Nililiona hilo. Tulifika kabla ya saa sita, akasogeza pazia la buluu lililokuwa limechanwa vipande vinne, na mara watu wote wa mle ndani wakapiga ukelele mmoja, mpishi, wahudumu, hata mwosha vyombo nyuma. Leo najua ni karibu yao, kila mteja anaipata. Siku ile nilijua ukelele wa namna hiyo mahali pamoja tu, watu wanapofika nyumba ya msiba.

"Shikamooni," nikasema, kwa sababu nilifundishwa.

Mzee Hiro alitoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mfupi, amefunga kitambaa kichwani, nyusi nyeupe. "Marahaba, kijana," akasema, na akainama. Mzee wa umri wa babu yangu ananiinamia mimi, mtoto wa darasa la pili, kichwa chini kama mtu anayetoa pole. Nikamtazama mama mdogo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa hapa ule," akaniambia, akinipandisha kwenye kiti kirefu. "Usisumbue wateja. Mimi naenda hospitali, nitarudi na habari."

"Habari gani?"

"Habari ya mama yako, jamani." Akaondoka.

Mhudumu aitwaye Shabani, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi, akaniletea kitambaa cha moto ninawe mikono. Kwetu watu hunawa wakitoka makaburini. Kisha Mzee Hiro akaniwekea mbele yangu sinia la mbao, na juu yake bakuli la wali, bakuli la mchuzi lenye kifuniko, sahani ndogo ya samaki, kisahani cha figili ya njano. Vyote vyangu. Niligusa mchuzi kwa midomo kujaribu moto, kisha nikasubiri wenzangu wa kula nao waje. Hakuna aliyekuja.

Ndipo nikageuza kichwa na kuwaangalia watu wa kaunta ile, mmoja mmoja, hadi mwisho. Walikuwa tisa. Kulikuwa na Wajapani wawili wenye viatu vya vumbi la barabara, Mhindi mwenye miwani, Waswahili wa ofisini. Wote wamekaa mstari mmoja, wameelekea upande mmoja, hawatazamani. Kila mtu ana bakuli lake. Hakuna mkono uliovuka kwenda kwa jirani. Mmoja wa wale Wajapani alikuwa ameinamia tambi zake, akizivuta kwa sauti kubwa puani na mdomoni, na mimi nikasikia kilio.

Nikaelewa. Hii ilikuwa nyumba ya watu wa metimani. Mji mkubwa kama huu, wenye wafu wengi hivi, bila shaka ulikuwa na mahali pa kuwakusanya wafiwa ili wale bila kuwaambukiza wengine. Na mimi nilikuwa nimepandishwa kiti, nimevalishwa shati la kanisani, nimepewa bakuli langu. Wakubwa wote walijua. Ilikuwa imebaki mimi tu kuambiwa.

Sikulia. Nataka hili liandikwe. Nilishikilia ukingo wa kaunta kwa mikono miwili nikatazama mvuke ukitoka kwenye wali hadi ukaanza kupungua.

Dada wa ofisini aliyekaa kulia kwangu alinihurumia. Alichukua kamba mmoja wa kukaanga kutoka sahani yake, akamleta. "Chukua mwanangu, ni mtamu huyu."

Nikafunika bakuli langu kwa kiganja. "Hapana, mama. Usile na mimi. Utachukua."

"Nitachukua nini?" Akasogeza kiti chake. "We Shabani! Huyu mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi, dada, ni mtu wa Mbulu," Shabani akajibu akipita na trei. "Baridi ya kule imegandisha maneno. Dogo, mbona chakula kinapoa? Au unasubiri tukuchinjie ng'ombe?"

Watu wawili watatu wakacheka. Nilitaka wasinitazame. Nikachukua vijiti vyangu, ambavyo sikujua matumizi yake, nikavichomeka katikati ya wali vikasimama wima, kama mtu anavyochomeka jembe ardhini akimaliza kazi. Nilikuwa nasema sili.

Mzee Hiro alikuwa akikata samaki. Kisu kikasimama. Aliruka, sina neno lingine, mzee yule aliruka kaunta nusu mwili, akavichomoa vile vijiti kwenye wali wangu kwa mkono wenye magamba ya samaki. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilikuwa namwona mtu mzima akiogopa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na alikuwa anaogopa bakuli langu.

Basi nikauliza. Nilimuuliza Shabani, kwa sababu ndiye aliyekuwa na Kiswahili kingi.

"Mama yangu amekufa saa ngapi?"

Shabani aliweka trei chini. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nini, wewe?"

"Wote mna msiba. Kila mtu ana bakuli lake. Na yule mzee ameniinamia. Na yule pale analia kwenye chakula."

Shabani alianza kucheka, kisha akaniangalia vizuri, akaacha. Dada wa ofisini akaweka mkono mdomoni. Shabani akainama kwenye kaunta, akaniuliza taratibu, bila utani hata kidogo, kwetu inakuwaje mtu akifiwa. Nikamweleza Mama Agata, na bakuli, na ukuta, na kofi la bibi. Alimgeukia Mzee Hiro, akayarudia yote kwa Kiswahili chepesi na mikono. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja. Aliuliza swali moja, Shabani akajibu. Hata mwenye tambi aliacha kuzivuta.

"Kijana," Mzee Hiro akaniambia. Aliinua vile vijiti viwili. "Kwetu Japani, kusimamisha hivi katika wali, ni chakula ya maiti. Leo mama yako yuko kwa daktari. Mimi nimeona, nimeogopa. Nimetoa haraka, isiwe. Umeelewa? Mimi naogopa kama bibi yako."

"Kwa hiyo hajafa?"

Alinitazama, kisha akafuta mikono kwenye aproni, akapita chini ya ubao wa kaunta, akaja upande wa wateja. Shabani alisema baadaye kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kumwona mzee akikaa upande ule mchana wa kazi. Alivuta kiti, akakaa bega kwa bega na mimi. Akachukua bakuli langu la wali, akala. Akachukua mchuzi wangu, akanywa palepale nilipokuwa nimegusa midomo kujaribu moto. Akavunja samaki wangu, akala nusu, akaniwekea nusu.

Nilitazama koo lake. Nilitaka kuhakikisha anameza. Lilipanda, likashuka.

Kwa akili yangu ya miaka minane hiyo ilikuwa hati yenye muhuri. Hakuna mzima anayekula chombo cha mwenye msiba. Yeye amekula. Basi mimi sina msiba. Basi mama yuko hai. Nilichukua bakuli kwa mikono miwili nikala kwa vidole, wali, samaki, figili ile chungu tamu, kila kitu. Nililamba hata kifuniko cha mchuzi. Yule dada wa ofisini alirudisha kamba wake, na safari hii nilimchukua, na Shabani akapaza sauti: "Ehee! Mbulu imefunguka! Mfungieni jiko huyu."

Nilichelewa miaka mingi kuelewa jambo moja. Nilikuwa tayari nina diploma, nina mke na watoto wanaokula kila mmoja sahani yake ya udongo kwenye meza niliyoichongesha kwa mbao za mkangazi, ndipo siku moja, nikimtazama mwanangu akimeza uji, nikaelewa. Mzee Hiro hakujua. Saa ile hakuna mtu mgahawani aliyejua. Mama mdogo alikuwa bado hospitali, hakuna aliyeleta habari, na shingo ya mama ilikuwa wazi chini ya taa. Mzee aliyeogopa vijiti viwili vilivyosimama alikaa akala chombo cha mtoto ambaye huenda alikuwa amefiwa dakika ileile. Kama bibi alisema kweli, msiba ungehamia kwake, na alikuwa ameshaelezwa hivyo. Alikula kwanza, habari zije baadaye.

Nimejifunza mambo mengi kwa vitabu na kwa mitihani, na sikufeli hata mmoja. Hilo nililifundishwa kwenye kiti kirefu na mtu ambaye sikumwona tena baada ya mwezi ule.

Mama mdogo alirudi saa kumi. Mgahawa ulikuwa mtupu, nilikuwa nimelazwa kwenye benchi la nyuma karibu na magunia ya mchele. Nilisikia pazia, nikasikia ule ukelele wa karibu, safari hii sauti moja moja, kwa wasiwasi. Nikaamka. Mama mdogo alisimama mlangoni, akavua viatu bila sababu, akavivaa tena.

"Ametoka," akasema. "Amefumbua macho. Ameomba uji."

Mzee Hiro aliinama mara mbili. Shabani akasema Alhamdulillahi, akaenda nyuma kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Wiki tatu baadaye, siku moja kabla ya kurudi nyumbani, mama mdogo alimleta mama pale. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe shingoni, amekonda, anatembea kama aliyebeba maji yasimwagike. Alipiga magoti kumsalimu Mzee Hiro kama mama wa kwetu anavyomsalimu mzee, naye Mzee Hiro akainama, wakawa wako chini wote wawili, hakuna aliyetaka kuinuka kwanza. Shabani ikabidi awainue.

Wakamletea sinia lake. Mama alilitazama, akalisogeza katikati yetu. Tulikula pamoja, mkono wake na wangu, kwenye bakuli moja dogo lisilotosha hata mtoto, na kila tulipolimaliza Mzee Hiro alilijaza tena. Samaki hakumtaka, kwao samaki alikuwa mdudu wa majini. Aliupenda ule mchuzi. Alisema unafanana na kitu ila hakumbuki kitu gani.

Shabani hakuweza kujizuia, akamsimulia kisa chote, na mbwembwe za Tanga juu yake. Jinsi nilivyowahesabu wafiwa. Jinsi nilivyomzuia dada wa watu asife. Mama alicheka huku ameshika mshono, akisema, "Acha, kaka, utanifungua." Kisha akaacha kucheka. Sauti yake ilikuwa imebadilika baada ya upasuaji, imekuwa nzito na ya chini, na tangu siku hiyo hadi mwisho ndiyo ikawa sauti ya mama yangu.

"Ulilia?"

"Sikulia."

"Ulidhani nimekufa, ukakataa kula?"

"Ndiyo."

"Sasa sikiliza." Alishika kidevu changu. "Siku nikifa kweli, kula. Umesikia? Walie wengine. Wewe kula."

Nilisema ndiyo. Mtoto wa miaka minane huahidi chochote mdomo ukiwa umejaa wali.

Mama alifariki masika yaliyopita, mzee, kitandani kwake, katika nyumba niliyomjengea mimi. Nilimfanyia mazishi ambayo Bashay bado inayazungumza: mahema manne, jenereta yangu, taa hadi barabarani, fahali wawili. Mamia ya watu walikula, kila mmoja sahani yake, na hakuna aliyetengwa na mtu, mambo hayo yameisha. Nilisimamia, nikagawa, nikashukuru, nikasindikiza wageni. Siku mbili sikutia kitu mdomoni, na hakuna aliyegundua, kwa sababu mwenye shughuli haulizwi.

Siku ya tatu asubuhi, watu wamelala, niliingia jikoni nikasonga ugali mwenyewe, ukatoka na madonge. Nikaula nimesimama, nikilia kwa sauti, hadi nikaumaliza.